Asiyefunzwa na Mamaye: Juu ya Kujitegemea kwa Mtoto Aliyeachwa

Methali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu ni miongoni mwa methali zitajwazo sana na kupimwa kidogo. Aghalabu huitaja mzazi anapomwonya mtoto mkaidi, au jirani anapomsema kijana aliyepotea. Lakini katika insha za wanafunzi wa fasihi nimeiona ikitumika kwa namna ya tatu, na namna hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Mwanafunzi hupewa riwaya ambamo mtoto amezaliwa na wazazi wasiomjali. Mtoto huyo hutaabika, hukua, na mwisho huweza kusimama. Ndipo mwanafunzi hufunga insha yake kwa kusema kwamba kupuuzwa ndiko kulikomfundisha mtoto kujitegemea, na kwamba ulimwengu umeifanya kazi ya mama, tena pengine umeifanya vizuri zaidi.

Hukumu hiyo ina ladha ya hekima, na kwa sababu hiyo ni ya hatari. Likubaliwalo darasani hufuatana na msomaji hadi nyumbani kwake. Mzazi mzembe akisikia kwamba uzembe wake ni shule, atakuwa amepata udhuru asiokuwa nao. Na kijana aliyekua bila mtu wa kumtazama atafundishwa kushukuru kwa jambo alilostahili kulilalamikia. Nakusudia kuonyesha kwamba riwaya zenyewe hazisemi hivyo. Zikisomwa kwa makini, zasema kwamba mtoto aliyeachwa akaokoka hakuokolewa na kule kuachwa, bali na mtu fulani aliyesimama mahali palipokuwa patupu. Na kwamba mara nyingi mtu huyo husahauliwa, hata na yule aliyeokolewa.

Tuanze na neno lenyewe. Kutegemea ni kitendo kitakacho wawili: yupo ategemeaye na yupo ategemewaye. Mgomba uliobeba mkungu hutegemezwa kwa mti ili usianguke. Mti ukiondolewa, mgomba na mkungu hulala chini pamoja. Kitenzi hiki kinapopewa kirejeshi cha -ji-, mtendaji na mtendwa huwa mmoja: mgomba hutakiwa uwe mti wa kujizuia wenyewe. Kwa mtu mzima maneno hayo yana maana, kwa kuwa amekwisha kupata mizizi. Kwa mtoto ni maneno ya kufikiriwa mara mbili kabla ya kutamkwa kama sifa.

Huenda heshima iliyo nayo neno hili katika Tanzania imetupofusha kidogo. Azimio la Arusha la Februari 1967, na andiko la Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea lililofuata mwezi wa Machi mwaka ule ule, yalilipandisha neno hili likawa shabaha ya taifa. Lakini anayeyasoma maandishi hayo ataona kwamba kujitegemea kulikotajwa ni kwa nchi, kwa kijiji, kwa shule yenye shamba lake. Ni watu wengi kuegemeana wao kwa wao ili wasiwe watumwa wa wageni. Halikuwa neno la kumsifu mtu aliyetengwa na wenzake, sembuse mtoto. Tunapolichukua neno lililoheshimiwa kwa ajili ya umoja tukamvika mtoto aliyeachwa peke yake, twalipindua.

Nimechagua mashahidi wawili. Wa kwanza ni Charles Dickens wa Uingereza, ambaye alipuuzwa akiwa mtoto na baadaye akafika mbali kuliko karibu waandishi wote wa zama zake. Nimemchagua kwa kuwa yeye ndiye hutajwa kwanza na wale washikao hukumu ninayoipinga, na kwa kuwa tunazo habari za maisha yake na riwaya zake pia, tukaweza kuzilinganisha. Shahidi wa pili ni Rosa, binti wa kubuniwa katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971. Rosa hakufika. Haifai kumsikiliza aliyefika pasipo kumsikiliza asiyefika.

Dickens alizaliwa mwaka 1812. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya malipo ya jeshi la majini, mtu mchangamfu, mpenda watu, asiyejua kulinganisha mapato na matumizi. Familia ilipohamia London mwaka 1822, mtoto huyu, aliyependa sana kusoma, hakupelekwa shule. Alibaki nyumbani akisafisha viatu vya baba yake na kutumwa huku na huko. Februari 1824, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 12, alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu kando ya mto Thames, kwa mshahara wa shilingi sita au saba kwa juma. Kazi yake ilikuwa kufunika vikopo vya dawa kwa karatasi, kuvifunga kwa uzi, kuikata karatasi sawasawa pande zote, na kubandika lebo. Haukupita mwezi baba yake akakamatwa kwa deni na kutiwa katika gereza la wadeni lililoitwa Marshalsea. Mama na wadogo wakahamia humo gerezani pamoja naye, kama desturi ya wakati ule ilivyoruhusu. Charles akawekwa nje, katika chumba cha kupanga.

Hapo ndipo alipojifunza kile tunachokiita kujitegemea. Mshahara wake wa juma aliugawa mafungu sita, akayafunga katika vikaratasi sita, na kila kimoja akakiandika jina la siku yake, ili Jumatatu asije akala chakula cha Alhamisi. Tazama picha hiyo: mtoto wa miaka 12 amekuwa mweka hazina wa tumbo lake mwenyewe. Msomaji wa haraka atasema: tazama nidhamu! Ndiyo, ni nidhamu. Lakini mtoto huyo huyo alikiri baadaye kwamba mara nyingine asubuhi alishindwa kuvipita vitobosha vya jana vilivyouzwa kwa nusu bei mlangoni mwa duka, akazitumia fedha za chakula cha mchana. Nidhamu isiyo na mtu mzima nyuma yake ni kama ua lililojengwa na mbuzi mwenyewe. Siku ya njaa ataliruka.

Habari hizi Dickens hakumwambia mtu kwa zaidi ya miaka 20. Aliziandika, akampa rafiki yake John Forster, na ulimwengu ukazijua kwa kitabu cha Forster baada ya mwandishi kufariki mwaka 1870. Hapa ipo hoja ya kwanza dhidi ya wale wasemao kwamba dhiki ilimjenga. Mtu hulionyesha jengo lake, halifichi. Dickens aliificha miezi ile hata kwa watoto wake mwenyewe, na alisema kwamba kwa muda mrefu hakuweza kupita katika mitaa ile bila kulia. Shule inayomfanya mhitimu wake alie apitapo mlangoni haitoshi kusifiwa kwa kuwa mhitimu ameweza kusoma.

Lakini tusiishie kwenye machozi, kwani machozi nayo yataka kuchunguzwa. Ni nini hasa kilichomuuma? Si kazi. Katika sehemu nyingi za dunia, na kwetu Afrika Mashariki hasa, mtoto wa miaka 12 huchota maji, huchunga, hulea mdogo wake, wala hilo halimfanyi kuwa mtoto aliyeachwa. Mtoto achungaye amepewa fimbo na babu aliyemwonyesha malisho. Jioni mbuzi huhesabiwa, na anayewahesabu mbuzi humtazama mchungaji pia. Kazi hiyo ina mwalimu na ina shahidi. Kazi ya Dickens haikuwa na mtu wa kuuliza jioni imekwendaje. Hilo ndilo analolirudia katika maelezo yake: kwamba hakupata shauri, wala faraja, wala neno la kumtia moyo kutoka kwa mtu yeyote.

“Kwa mtu yeyote” ni usemi mzito, na hapa mhakiki ana wajibu wa kumsimamisha shahidi na kumwuliza. Kwani katika maelezo hayo hayo yumo mtu. Jina lake ni Bob Fagin. Alikuwa kijana aliyemtangulia Dickens sana kwa umri katika kiwanda kile. Alikuwa yatima, akiishi kwa shemeji yake aliyekuwa mwendesha mashua mtoni. Siku ya kwanza ndiye aliyemwonyesha Dickens namna ya kuukaza uzi na kufunga fundo. Siku moja Dickens aliposhikwa na maumivu ya ubavu, Bob alimlaza juu ya majani makavu, akajaza maji ya moto katika chupa tupu za dawa ya viatu, akamkanda ubavuni kwa zamu, chupa moja baada ya nyingine, nusu ya siku nzima. Jioni hakukubali mgonjwa aende peke yake. Alitaka kumfikisha kwao. Dickens aliona aibu Bob asijue kwamba kwao ni gerezani. Basi walipokaribia daraja la Southwark alisimama penye nyumba asiyoijua, akampa Bob mkono wa kwaheri kana kwamba ndiyo nyumba yao. Na ili kuukamilisha uwongo, endapo Bob angegeuka kutazama, alibisha mlango, na mwanamke alipofungua akamwuliza kama hapo ndipo kwa Bwana Robert Fagin.

Miaka 13 baadaye Dickens alianza kuandika Oliver Twist, na yule mzee mwovu afundishaye watoto wizi alimpa jina la Fagin. Mwenyewe anakiri kwamba alilichukua jina hilo kwa Bob. Sina haja ya kuingia katika nafsi ya mwandishi kueleza sababu. Itoshe kuona matokeo: mkono uliomkanda mtoto aliyeachwa umeingia katika fasihi ya dunia kwa jina la mwizi, na mtoto aliyekandwa ameingia katika historia kama mfano wa mtu aliyejitengeneza mwenyewe. Ndivyo hadithi ya kujitegemea inavyotungwa: kwanza hufutwa jina la aliyetegemewa.

Ndani ya uchungu wa Dickens mlikuwamo pia dharau. Alijiona mtoto wa bwana aliyetupwa miongoni mwa watoto wa kazi, na sehemu ya aibu yake ni kukaa nao. Lakini watoto wale walikuwa na umri kama wake, na baadhi yao, kama Bob, hawakuwa na hata baba wa kufungwa. Dickens alitoka kiwandani baada ya baba yake kugombana na mwenye uhusiano na kiwanda, akarudishwa shule. Waliobaki hawakuandika kitabu. Hapa ndipo ilipo kasoro kubwa ya hukumu tunayoichunguza: ushahidi wake wote hutoka kwa waliofika. Baharini hodari wa kuogelea ndiye asimuliaye habari za chombo kilichozama. Waliokufa maji hawana masimulizi. Tukisikiliza waliofika tu, tutadhani bahari ni mwalimu mwema wa kuogelea.

Sasa tuitazame riwaya aliyoitoa katika maisha hayo, David Copperfield, iliyochapishwa kwa sehemu kati ya 1849 na 1850. David amefiwa na baba kabla ya kuzaliwa. Mama yake, Clara, ni mpole lakini dhaifu, na anapoolewa na Murdstone hana nguvu ya kumlinda mwanawe. Mama akiisha kufa, baba wa kambo humpeleka David, mwenye miaka 10, katika ghala la mvinyo aoshe chupa. Mtoto huamua kutoroka London, na kwa miguu hufuata njia ndefu ya kwenda Dover. Safari hiyo ndiyo hupendwa na wasomaji wenye kusifu kujitegemea. Mtoto ameibiwa sanduku na nusu gini yake siku ya kwanza, ameuza kizibao, kisha koti, apate chakula, amelala nje, amefika matambara matupu. Amejitegemea kweli kweli.

Lakini anakwenda wapi? Hilo ni swali jepesi ambalo husahauliwa. Anakwenda kwa shangazi wa baba yake, Betsey Trotwood. Nguvu zote za mtoto huyu, ujasiri wake wote, zimetumika kutafuta mtu wa kumtegemea. Na alimjuaje shangazi huyo, ambaye hajapata kumwona? Kwa hadithi ya mama yake. Clara alikuwa akimsimulia jinsi shangazi huyo mkali alivyofika siku ile ya kuzaliwa David akaondoka kwa hasira alipoambiwa kwamba mtoto si msichana. Na ndani ya hadithi hiyo ya kutisha mama alitia jambo moja dogo, kwamba alihisi kama shangazi aliugusa mkono wake katika nywele zake, tena si kwa ukali. Juu ya mguso huo, ambao mama mwenyewe hakuwa na hakika nao, mtoto alijenga safari nzima. Na ile nusu gini aliyoibiwa aliikopa kwa Peggotty, mtumishi aliyemlea, ambaye pia ndiye aliyemtajia upande anaoishi shangazi.

Basi hesabu ya safari ya David ni hii: hadithi moja ya mama, mkopo mmoja wa mlezi, na mlango mmoja uliofunguliwa. Ondoa mojawapo, na kujitegemea kwake kutamfikisha kando ya barabara tu. Mama dhaifu hakumlinda mwanawe, lakini hakumwacha mikono mitupu, alimwachia hadithi. Naona hilo ni jambo la kufikiriwa na kila anayedhani kwamba hadithi za nyumbani ni za kupitisha jioni.

Katika Little Dorrit, iliyotoka kati ya 1855 na 1857, Dickens alikwenda mbali zaidi, nami naona ndipo alipoijua vizuri hali ya mtoto wa mzazi asiyejali. Amy Dorrit amezaliwa ndani ya Marshalsea, gereza lile lile alimofungwa John Dickens. Baba yake, William, amekaa humo miaka mingi hata akaitwa baba wa gereza, naye hulipenda jina hilo. Amy ndiye aliyejua kwamba nyumba haiendi. Mfungwa mwalimu wa dansi alipoingia, alimwomba amfundishe dada yake. Mfungwa mshonaji alipoingia, alimwomba amfundishe yeye sindano. Na kaka yake alimtafutia kazi baada ya kazi, na kila mara alirudi. Tena yote hayo ilimpasa ayatende kwa siri, kwa kuwa heshima ya baba haikuruhusu ijulikane kwamba binti zake wanafanya kazi. Baba anakula jasho la binti yake, na sharti la kulila ni kwamba asiambiwe.

Hii ni sura ya uzembe wa mzazi ambayo methali yetu haikuitaja. Kuna mzazi asiyempa mtoto kitu. Na kuna mzazi ambaye, kwa kutompa kitu, humgeuza mtoto kuwa mzazi wake. Mtoto akiisha kujifunza kusimama, mzazi humwegemea. Kisha husifiwa wote wawili: mtoto kwa ukomavu wake, na mzazi kwa kuzaa mtoto wa namna hiyo. Dickens ampenda Amy kupita kiasi, na msomaji wa leo aweza kuchoshwa na wema wake usiochoka. Lakini hata hapo mwandishi ameacha alama ya bei iliyolipwa. Amy ana miaka 22, na mwili wake ni mdogo hata usiku mmoja mwanamke wa barabarani adhani ni mtoto aliyepotea. Aliyekuwa mama wa nyumba tangu utotoni hakupata nafasi ya kukua. Ukomavu wa kabla ya wakati na udogo usiokwisha vimekaa katika mwili mmoja.

Kabla ya kuondoka kwa Dickens, niseme neno juu ya mama na baba. Methali yetu humtaja mama peke yake: asiyefunzwa na mamaye. Ukiitazama kwa haki, utaona kwamba yamwandikia mama deni ambalo mara nyingi ni la baba. Dickens alifanya vivyo hivyo. Aliyekopa mpaka akafungwa ni baba. Walakini baba alisamehewa, hata akageuzwa kuwa Bwana Micawber, mtu wa kuchekesha na kupendwa na wasomaji wote. Mama alitenda kosa moja la wazi: baada ya ule ugomvi alitaka mtoto arudi kiwandani. Kosa hilo Dickens alisema hakulisahau wala hataweza kulisahau. Uzembe wa baba ukawa ucheshi. Wa mama ukawa jeraha. Mhakiki hana budi kuiona mizani hiyo, na asiitumie bila kujua.

Twende sasa Ukerewe. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, katika kisiwa hicho, mwaka 1944, na humo ndimo alimoiweka familia ya Rosa. Zakaria, baba, ni mlevi. Regina, mama, ndiye aubebaye mzigo wa nyumba na mabinti. Mtu akiitumia methali hapa kama ilivyo, itamkataa. Rosa ana mama mwenye mapenzi na bidii. Aliyeshindwa ni baba, na ameshindwa kwa namna ya ajabu: mtu asiyeilinda nyumba yake kwa chakula wala kwa utu ni mkali mno katika kumlinda binti yake dhidi ya wavulana. Barua moja tu ya kijana Charles yatosha kumletea Rosa kipigo na fedheha.

Wahakiki wengi wamesema kwamba kosa la Zakaria ni ukali uliopita kiasi. Naona ni kweli nusu. Ukali wake ni uzembe uliovaa kanzu ya ulezi. Kumlinda mtoto ni jambo jepesi kuliko kumlea: mlinzi hutazama mlango, mlezi humtazama mtoto. Zakaria hakupata kuzungumza na Rosa juu ya wanaume, juu ya mwili wake, juu ya mapenzi. Alimpa hofu mahali pa maarifa. Kwa hiyo Rosa alipofika katika shule ya bweni, na baadaye chuo cha ualimu, alikuwa na hofu bila maarifa; hofu ilipokwisha, hakubakiwa na kitu. Ulimwengu ukamfunza. Na ulimwengu, kwa Rosa, ulikuwa ni wanaume wenye vyeo na elimu, waliojua vizuri ni somo gani walitaka kumfundisha.

Hapo ndipo methali inapodaiwa ukweli wake. Haikusema kwamba ulimwengu hufunza vizuri, wala haikusema kwamba ulimwengu humpenda mwanafunzi. Mama afunzapo hutaka mtoto ajue. Ulimwengu ufunzapo hutaka ada, na huichukua kabla ya somo kwisha. Rosa alilipa kila kitu. Hata alipotaka kuanza upya, na Charles yule yule wa zamani akawa mchumba, ulimwengu ulirudi kudai: Charles alipogundua kwamba hakuwa bikira alimkataa, na Rosa akajiua. Katika njia hiyo yote hakuwapo Betsey Trotwood. Walikuwapo walinzi wengi, nyumbani, shuleni, chuoni. Kila mmoja alikuwa na amri ya kumpa, na hakuna aliyekuwa na mlango.

Riwaya hiyo ilipotoka ilipigwa marufuku katika shule kwa muda, kwa hofu kwamba yangeharibu vijana mambo yaliyomo. Baadaye ikaruhusiwa ikasomwa na wengi. Sijui kama waliopiga marufuku waliona kwamba walikuwa wakirudia kitendo cha Zakaria: kuficha barua badala ya kuzungumza na msomaji wake. Kezilahabi mwenyewe hakumalizia kwa kuhukumu upesi. Baada ya mauti amewaweka baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, kila mmoja akiwa na lake la kujibu. Kwa kufanya hivyo ameikataa ile faraja ya kusema kwamba wa kulaumiwa ni mmoja tu. Mtoto aliyeachwa hubaki kuwa mtu mwenye hiari yake. Lakini hiari hiyo ilipewa vifaa gani? Hilo ndilo swali analotuachia.

Yupo atakayenijibu kwamba nimewachagua mashahidi wanaonifaa. Kwamba wapo watu wengi, nje ya vitabu, waliolelewa kwa kupuuzwa nao wakawa imara, wenye kupika, kulima, kusoma na kuendesha nyumba wakiwa wadogo. Siwakatai. Nimewaona, na uimara wao ni wa kuheshimiwa. Ninachokataa ni kuuandika uimara huo katika daftari la mzazi aliyewaacha. Mtu akivuka mto uliofurika kwa kushika mizizi ya ukingoni, sifa ni yake na ya mizizi. Si ya mafuriko. Waulizwe watu hao kwa upole, na mara nyingi watataja bibi mmoja, mwalimu mmoja, jirani aliyekuwa akibakiza chakula sufuriani makusudi bila kusema ni cha nani. Wengine hawatamtaja upesi, kwa sababu kumtaja ni kukiri kwamba kulikuwa na pengo la kuzibwa.

Basi kwa mwanafunzi atakayeandika tena juu ya mtoto wa namna hii, napendekeza maswali matatu kabla ya kuifunga insha yake. Nani alimtazama mtoto huyu, hata kwa siku moja, na riwaya imempa nafasi gani mtu huyo? Mtoto alilipa nini kwa ajili ya ujuzi alioupata, na je, mwandishi ameionyesha bei hiyo au ameificha? Na ni nani aliyekuwa naye njiani ambaye hakufika? Riwaya inayoweza kuyajibu maswali hayo ni riwaya ya kweli hata kama mwisho wake ni wa furaha. Isiyoweza, hata ikiwa tamu, imeandikwa kwa kalamu ya mzazi mzembe.

Nami nitarudi penye ule mlango karibu na daraja la Southwark. Mtoto mgonjwa, mwenye vikaratasi vyake vya fedha vilivyoandikwa majina ya siku, amesimama mbele ya nyumba isiyo yake. Kwao ni gerezani. Ametakiwa kutaja jina la mtu, jina lolote, ili mlango usimfukuze. Na katika majina yote ya London hakulitaja la baba yake, wala lake mwenyewe. Alilitaja la yule yatima aliyemkanda ubavu.